Muchiri na Gauni la Krimu

Ukitaka kumkasirisha Ephantus Muchiri, usijisumbue kumtukana. Mwambie tu kwamba katika kaseti yake ya video, sweta ya kijani imetoka buluu. Atavua miwani, ataipangusa kwa pindo la shati, ataivaa tena, kisha atakuuliza kwa sauti ya mtu aliyefiwa: "TV yako ni ya aina gani?" Kwa Muchiri hapakuwa na kaseti mbaya aliyowahi kutengeneza yeye. Kulikuwa na TV mbaya, macho mabaya, na Ogari.

Ogari tutamfikia.

Muchiri alikuwa mtu wa Sosiot tangu utotoni, ingawa watu wa Sosiot walimwita mtu wa Nyeri kana kwamba alishuka jana kwenye basi la asubuhi. Baba yake alikuja kuuza misumari na mabati. Mwana aliirithi misumari, akaiuza mpaka ikamchosha, kisha akatundika ukutani pazia lililochorwa ndege ya abiria, akaanza kupiga watu picha. Wakulima wa chai ambao safari yao ndefu kabisa ilikuwa ya Nakuru walisimama mbele ya ile ndege wakiwa wamekunja nyuso kama marubani. Halafu mwaka wa 1993 meneja mmoja wa shamba kubwa la chai alikuwa anarudi kwao Ulaya, akauza vitu vyake vyote uani, na Muchiri akatoka pale amekumbatia kamera ya video kama mtu aliyeokoa mtoto mtoni.

Tangu siku hiyo alikuwa na dini mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Jumapili. Ya pili ilikuwa ya kitambaa.

Kitambaa chenyewe kilikuwa leso nyeupe ya pamba, iliyofuliwa na kupigwa pasi na mkewe Priscillah, ambayo Muchiri hakuifutia jasho hata siku moja. Kabla ya kupiga harusi yoyote, aliikunjua polepole, akampa mtu aishike mbele, akaielekezea kamera mpaka taa ndogo ikaacha kupepesa. "Kamera ni kama mtoto," aliwaeleza watu ambao hawakuuliza. "Usipomfundisha nyeupe ni ipi, atakua hajui rangi nyingine yoyote." Akina mama wa kanisa la Kiptere walimwona akifanya hivyo kila Jumamosi kwa unyenyekevu mwingi hivi kwamba baadhi yao walianza kufumba macho leso ikiinuliwa, na mmoja alikuwa akisema amina.

Kanisa hilo la Kiptere ndilo lililomlisha. Harusi zake za Jumamosi ndizo zilizosomesha binti yake Abigael na kuezeka nyumba yake. Na kanisa hilo nalo lilikuwa na dini yake ya rangi. Bibi harusi aliyesubiri alivaa gauni jeupe. Aliyeanza kabla ya filimbi, yaani aliyekwisha kukaa na bwana wake na pengine kumzalia, alivaa la krimu. Pasta alilitangaza jambo hilo mimbarani, na wazee wa kanisa walilisimamia, wakiongozwa na mwenyekiti wao, Mzee Kipchoge, ambaye mwenyewe alifunga ndoa kanisani akiwa na wajukuu wanne. Hakuna aliyemkumbusha. Siku zile sheria haikuwa imetungwa bado, na mkewe alikuwa amevaa jeupe.

Basi krimu ikawa rangi ya biashara. Priscillah aliliona hilo mapema kuliko mtu mwingine yeyote. Kando ya mlango wa studio aliandika: MAGAUNI YA HARUSI YA KUKODI, MEUPE NA KRIMU. Muchiri hakuuliza yako mangapi. Hayo yalikuwa mambo ya mama. Alijua tu kwamba Ijumaa chumba cha ndani hufungwa, na nyumba hunukia chai iliyochemka sana. Lakini katika nchi ambayo hata mbwa hunukia chai, nani atashtuka?

Agosti ya 1996 ikaja harusi ya Alexander na Nelvine. Alexander alikuwa karani wa kupima majani kwenye kituo cha kununulia chai, na kijana wao wa miaka miwili alikuwa tayari anamwita kila mtu mzito "kilo". Kwa hiyo gauni lilikuwa la krimu, bila mjadala. Aliyeumia kwa hilo alikuwa Mama Nelvine, jina lake Mellen, kutoka Boito, mwanamke mwenye ng'ombe wa maziwa na msimamo. Alikuwa amewaambia jamaa zake wote kwamba binti yake ataolewa kwa gauni jeupe, na jamaa za Boito si watu wa kusahau.

Upande wa bwana harusi ulipomkodi Muchiri, Mama Nelvine alimkodi mpiga picha wake. Ndiye Ogari, kijana wa mjini Kericho, mwenye kamera mpya ndogo ya kushika kwa mkono mmoja, ambaye hakuwa na kitambaa chochote. Alisema kamera yake inajipangia rangi yenyewe. Muchiri aliposikia hivyo alimtazama kama pasta anavyomtazama mtu anayesema huwa anaomba akiwa amelala.

Wakakubaliana hivi: Muchiri apige ibada kanisani, Ogari apige karamu nyumbani, halafu Muchiri aziunganishe zote kwenye kaseti moja, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na deki mbili na kisanduku chenye vifundo vya kugeuza rangi. Ibada ikaenda vizuri. Jua lilikuwa jeupe juu ya mashamba, gauni likatoka krimu safi kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi. Alasiri mawingu yakasimama juu ya msitu kama kawaida yake, na Muchiri, ambaye hakuwahi kuiacha kamera yake ionje tone la mvua, akaifunga ndani ya magunia mawili akaenda nyumbani. Kwa hiyo mvua ilipowakuta watu wa harusi, yeye alikuwa kitandani na soksi.

Jumatatu aliziweka kaseti mbili kwenye deki mbili, akabonyeza, akatazama. Nelvine alitoka kanisani akiwa krimu. Nelvine akafika nyumbani kwa wakwe zake akiwa mweupe pe.

"Ogari!" Muchiri aliiambia TV.

Akamwita. Ogari akaja akitafuna muwa, akasimama mlangoni.

"Bwana Muchiri, nasikia kamera yangu ina dhambi."

"Tazama mwenyewe. Hapa krimu. Hapa nyeupe. Hii kamera yako inajipangia rangi au inajipangia uongo?"

Ogari alitazama, akatema makapi nje kwa heshima. "Yangu imeonyesha nilichoona. Labda ni yako. Hiyo kamera ni ya mkoloni, baba. Inaona kila kitu cha Mwafrika kimechafuka."

"Kamera yangu ilionyeshwa kitambaa!"

"Nayo yangu ilionyeshwa bibi harusi. Wewe ulipiga leso, mimi nilipiga harusi." Akaondoka akicheka, na muwa wake.

Jambo hilo lingeishia kwenye kelele kama si Mzee Kipchoge. Alikuja studio Jumanne, amevaa koti la suti juu ya gambuti, akakataa kuketi. Kwa Mzee Kipchoge, kukataa kuketi kulimaanisha kwamba ametumwa.

"Bwana Muchiri, kuna maneno," alisema. "Watu waliokuwa karamuni wanasema yule msichana alimeta kama bati jipya. Wanasema alitoka mbele ya Pasta na krimu, akaingia kwenye gari, akabadilisha. Mamake alimletea lingine jeupe kwa siri."

"Mimi sikuwa huko, Mzee. Mvua ilikuwa—"

"Ndiyo sababu tunataka kaseti. Jumapili baada ya ibada wazee watakaa kwangu waitazame. Wakiona magauni ni mawili, Alexander na bibi yake watawekwa nje ya meza ya Bwana. Na hizi kamera," aliinyooshea kidole ile kamera iliyokuwa imelala kwenye magunia yake, "hazitaingia kanisani tena. Siyo Kiptere tu. Pasta atawaandikia wenzake wote. Tulisema tangu mwanzo hiki kitu kitaleta majivuno."

Muchiri alihesabu haraka makanisa ya wenzake wote. Yalikuwa kila mahali alikowahi kufika kwa baiskeli.

Mzee hajafika barabarani, Mama Nelvine akaingia. Alikuwa amejificha kwa fundi viatu akisubiri zamu yake.

"Chamgei, baba Abigael. Nasikia kuna nusu nyeupe na nusu krimu."

"Ni kasoro ya kamera, mama. Naisawazisha."

"Vizuri. Sawazisha kwenye nyeupe."

"Wazee wanataka krimu."

"Wazee hawakumzaa. Boito watu wanangoja kaseti. Nitawaambia nini, ati mtoto wangu aliolewa na rangi ya ugali wa jana?" Akaweka mezani chupa ya mursik, yale maziwa ya mgando yenye mkaa, akaenda zake.

Sasa Muchiri alifanya alichokuwa amejinadi nacho miaka mitatu: kuoanisha rangi. Alifunga mlango, akakaa mbele ya kisanduku chake cha vifundo, akaanza kuivuta kaseti ya Ogari kuelekea krimu. Kifundo cha nyekundu kidogo. Cha buluu chini. Gauni likaanza kupata joto. Akaongeza. Gauni likawa krimu sawasawa na la kanisani, akapiga makofi peke yake. Kisha akatazama vitu vingine. Meno ya Pasta yalikuwa ya njano kama ya mzee wa ugoro. Majani ya chai nyuma ya hema yalikuwa yamekauka, kana kwamba wakati wa karamu kiangazi cha mwaka mzima kilipita. Na mursik waliyokuwa wakimnywesha bwana harusi ilikuwa imegeuka chai ya maziwa.

Akarudisha vifundo. Meno yakawa meno, majani yakawa mabichi, mursik ikarudi kwenye weupe wake wenye kijivu cha mkaa, rangi ambayo mtu yeyote wa pale, hata akiamshwa usingizini, atakwambia ni yenyewe au si yenyewe. Na gauni likawa jeupe tena.

Hapo Muchiri aliacha kugeuza. Alitazama mursik. Alitazama gauni. Akaitazama mursik tena. Kama mursik ni ya kweli, na imetoka kweli, basi kamera ya Ogari ilikuwa inasema kweli, jambo ambalo lilimuuma kooni kama mwiba wa samaki. Na kama kamera ya Ogari ilikuwa inasema kweli, gauni la krimu lilikuwa jeupe.

Akairudisha kaseti nyuma, polepole. Hapo bibi harusi alikuwa anashuka kwenye gari mvuani. Shangazi zake hawakukubali aende mbio. Walimtembeza kwa kucheza, hatua moja mbele, nusu nyuma, shada la majani ya sinendet shingoni, na mvua ikishuka juu yao kama inayolipwa. Muchiri akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Kutoka kwenye pindo la gauni maji yalikuwa yanatiririka juu ya viatu. Maji ya kahawia. Si ya udongo, kwa maana walikuwa kwenye nyasi. Yalikuwa na rangi aliyoijua kila asubuhi ya maisha yake, kabla ya maziwa.

"Mama Abigael!" aliita. "Hebu njoo hapa kidogo."

Priscillah akaja akikausha mikono. Akatazama TV, akatazama mumewe, akatazama TV.

"Una magauni mangapi?" Muchiri aliuliza.

"Ya nini?"

"Ya harusi."

"Yananitosha."

"Mangapi, Mama Abigael?"

"Moja," alisema Priscillah. "Kwani bibi harusi mmoja huvaa mangapi?"

Akamweleza, bila haya yoyote, kama mtu anayeeleza namna ya kupika githeri. Gauni ni moja, la mitumba, alilipata sokoni Kericho likiwa jeupe. Anayetaka jeupe analichukua hivyo. Anayetaka krimu, Ijumaa anachemsha sufuria kubwa ya majani, anachuja, anatia chumvi ili rangi ishike, anazamisha. Jumatatu anatia Jiki, linarudi jeupe. "Limeolewa mara nyingi kuliko mwanamke yeyote wa Belgut," alisema, "na halijawahi kurudishwa."

"Sasa hii imekuwaje?"

Priscillah alifikiri. "Ijumaa ile kulikuwa hakuna chumvi. Nilikutuma ukaleta betri za kamera."

Muchiri aliketi. Miaka mitatu alikuwa amewafundisha watu wa Sosiot, Kiptere na kwingineko kwamba rangi haidanganyi, na kitambaa chake cheupe kilikuwa kimefuliwa na mikono ileile.

"Niwaambie wazee ukweli?" aliuliza kwa unyonge.

"Waambie. Waambie krimu yao yote ya miaka hii ni majani ya chai. Waambie Pasta alibariki sufuria. Halafu tutarudi kuuza misumari." Akamtazama kwa huruma kidogo. "Wewe si fundi wa rangi? Basi geuza."

Akageuza. Alifanya kazi siku zilizobaki za wiki hiyo kama mtu anayechimba kaburi la dini yake. Aliivuta karamu nzima kwenye krimu. Alipunguza njano ya Pasta hapa, gauni likapauka pale; akalirudisha gauni, majani yakakauka. Mwishowe aliamua kwamba meno ya Pasta ni kafara. Akapunguza mwangaza mahali pa viatu ili maji ya kahawia yasionekane. Mursik aliiacha iwe chai. Alijua wazee watailalamikia hiyo kwanza, kwa sababu gauni waliliona siku moja lakini mursik waliijua tangu kunyonya. Alishatunga hata la kusema: hali ya hewa.

Jumapili akabeba deki yake mpaka kwa Mzee Kipchoge. Sebule ilikuwa imejaa. Wazee walikuwa kwenye makochi yenye vitambaa vya kushona, Pasta katikati, na Alexander na Nelvine kwenye benchi karibu na mlango, wamekaa kama watu wanaosubiri daktari. Mama Nelvine alikuwa amejialika. Kijana wao alikuwa chini ya meza na kikombe.

"TV ni hiyo," alisema Mzee Kipchoge kwa fahari, akavuta kitambaa.

Muchiri akatazama. Ilikuwa TV ndogo, nyekundu kwa nje, yenye mkono wa kubebea juu, imeunganishwa kwa betri ya gari. Zilikuwa zimejaa vijijini wakati ule, na alizijua vizuri. Kwa nje zilikuwa na rangi zote. Kwa ndani zilikuwa na mbili tu, nyeusi na nyeupe.

"Kuna shida, bwana Muchiri?" Pasta aliuliza, kwa maana Muchiri alikuwa ameshika waya mkononi haendelei.

"Hapana, Pasta. Hakuna shida kabisa."

Kaseti ikaanza. Nelvine wa kijivu hafifu akatoka kanisani. Nelvine wa kijivu hafifu akafika nyumbani. Wazee wakainama mbele wote pamoja.

"Hapo!" alisema mmoja. "Simamisha. Unaona? Krimu."

"Krimu kabisa," alisema mwingine. "Mimi nilikuwa nakaa nyuma siku ile, lakini sasa naona vizuri."

"Hata mtu kipofu ataona ni krimu," alisema Mzee Kipchoge, ambaye siku tano zilizopita alikuwa amesikia ni jeupe. "Tena ni gauni lilelile. Hakuna kubadilisha. Wale watu wana midomo."

"Krimu iko wapi?" Mama Nelvine alisimama. "Hilo ni jeupe! Tangu mlangoni mwa kanisa mpaka mwisho! Mnaona au mnaota?"

"Mama, keti. Hilo ni krimu ya kung'aa."

"Ni jeupe lenye kivuli!"

Wakazozana mbele ya ile TV karibu betri iishe, wakionyeshana vidole kwenye kioo, hapa ni krimu, pale ni jeupe, na mzee mmoja akaapa kwamba hata sinendet ilikuwa ya kijani kibichi sana. Hakuna aliyeuliza juu ya mursik. Hakuna aliyeona meno ya Pasta, ambayo yalikuwa meupe kuliko siku zote. Muchiri alisimama nyuma ya deki yake akifikiria zile siku zote za vifundo, na kwamba kama angeileta kaseti ya Ogari bila kuigusa, ingekuwa krimu vilevile.

Pasta akainua mkono. Akasema kamati imejionea yenyewe, gauni ni moja na ni krimu, na maneno ya karamuni yafe hapo. Nelvine akashusha pumzi iliyosikika mpaka jikoni, na Alexander akamshika mkono mbele ya wazee, jambo ambalo siku nyingine lingehitaji kamati yake. Mama Nelvine alikuwa tayari ametosheka: alichokiona amekiona, na Boito alijua nyumba mbili zenye TV kama hiyo.

"Tena, bwana Muchiri," alisema Mzee Kipchoge, "tumeamua kitu kingine. Kila harusi ya kanisa sasa lazima ipigwe video, na kaseti iletwe hapa kwanza tuikague. Hii TV haidanganyi. Na wale wa krimu, wakodi kwa mama watoto wako. Krimu yake tumeiona, haiogopi mvua."

Wazee wakaitikia. Muchiri akashukuru, akafunga waya zake, akakataa chai.

Priscillah alikuwa mlangoni akimngoja. "Walisemaje?"

"Walisema ni krimu."

"Si nilikwambia? Unajua kazi yako." Akampokea deki. "Jumamosi kuna wa Kapkatet, huyo amesubiri, anataka jeupe. Ukipita dukani uniletee Jiki. Na chumvi, ya kuweka."

Kulikuwa na baridi, na mvua ilikuwa inaanza. Muchiri alitia mkono mfukoni, akatoa leso yake nyeupe, iliyokunjwa pande nne kwa pasi. Akaitazama kidogo. Kisha akapenga nayo kamasi, kwa nguvu, akaenda dukani.